Ubao Uliolia Kama Kopo

Tarehe 15 Mei 2024 ziwa lilifungwa. Sisi wa Ikola tulishaambiwa mapema, mikutanoni na redioni: miezi mitatu, mpaka tarehe 15 Agosti, hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, samaki wapumzike wazaliane. Kuambiwa ni kimoja. Usiku wa kwanza nilitoka uani kama kawaida yangu, nikatazama ziwani, nikakuta giza tupu. Pale mahali, usiku usio na mbalamwezi, taa za wavuvi wa dagaa hujipanga mbali kule mpaka mgeni hudhani anaiona Kongo. Usiku ule hapakuwa na taa hata moja. Kulikuwa na mbwa akibweka ufukweni, na mitumbwi iliyopinduliwa mchangani, matumbo juu.

Mimi ni fundi wa mitumbwi, na mtu asiyevua haagizi mtumbwi. Wachache waliniletea vya kuziba na kukalafati, lakini viraka havishibishi nyumba ya watu watano. Ilipofika wiki ya pili nilikuwa nimekwisha kunoa tezo zote, hata zile zisizohitaji kunolewa. Ndipo kitindamimba wangu, mwenye miaka tisa, aliponijia nimekaa chini ya mwembe, akaniambia kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipima jambo: "Baba, kwa kuwa huna kazi, tuunde ndege."

Mwaka uliotangulia alikuwa amekwenda Mpanda kumsindikiza shangazi yake uwanja wa ndege. Aliporudi hakusimulia mji wala soda aliyonunuliwa. Alisimulia ndege ya mapangaboi, namna mapanga yalivyoanza kuzunguka mpaka yakapotea machoni, na maandishi aliyoyasoma ubavuni: 5H, kisha herufi nyingine. Niliuliza watu wanaojua, nikamweleza kwamba 5H ni alama ya Tanzania. Kila ndege iliyosajiliwa nchini huibeba popote iendapo. Jambo hilo lilimwingia kuliko nilivyotaraji. Kila kitu cha nyumbani kikaandikwa 5H kwa mkaa: ndoo, mlango wa choo, mbuzi wa jirani.

Mke wangu alikuwa akichagua mchele. "Ndege ya mninga?" akauliza, bila kuinua kichwa.

Jioni ile kifungua mimba wangu, binti wa miaka 16 aliyekuwa kidato cha tatu, alipekua kwenye simu ili amnyamazishe mdogo wake. Badala yake akanyamaza yeye. Alikuwa ameikuta habari ya vijana 20 wa Afrika Kusini waliounganisha ndege ya viti vinne, aina ya Sling 4, kutoka kwenye vipande vya kiwandani, na mwaka 2019 ikaruka kutoka Cape Town mpaka Cairo, safari ya kilomita 12,000 kwa majuma matatu. Aliyelianzisha wazo hilo, Megan Werner, alikuwa na miaka 17. Binti yangu aliisoma habari ile mara mbili, kisha akauliza swali ambalo wakati ule nililiona dogo.

"Kwa hiyo walioiunda ndio walioipanda?"

Nikamwambia ndiyo, baadhi yao ndio waliokuwa wakiirusha. Akairudisha simu.

Sikutaka kumcheka mtoto, wala sikutaka kumdanganya. Nikawaeleza watatu wote tofauti ya kazi yangu na kazi ile. Fundi wa mtumbwi akiwa na shaka, huongeza ubao. Taruma likionekana jembamba, unaweka jingine kando yake. Maji yatakubeba tu, mradi hayaingii. Fundi wa ndege akiwa na shaka hana ruhusa hiyo. Kila anachoongeza lazima kinyanyuliwe. Lazima ajue, ahesabu, apunguze, na kile kidogo kinachobaki ndicho kitakachomshikilia hewani. Mimi sijui hesabu hizo. Wapo watu wa kawaida wanaozijua, au waliojifunza: Marekani wana chama chao tangu 1953, walimu na makarani na mafundi bomba wanaounda ndege kwenye mabanda ya magari yao, na zile zinazotokana na vipande vya kampuni moja tu, Van's Aircraft ya Oregon, zilizokwisha kuruka zinazidi 10,000. Lakini hao wana alumini na mabati ya kipimo. Sisi tuna mninga.

"Hata hivyo ziwa hili halijawahi kuundiwa ndege," akasema mwanangu wa pili. Huyu ana miaka 13 na hubishana hata na jua.

Hapo nilimpata. Nikamwambia kwamba mwaka 1916, ng'ambo ile, Wabelgiji waliletewa ndege za Kiingereza za kutua majini, ndege za mbao na kitambaa, zikiwa zimefungwa vipande vipande. Waliziunganisha pale karibu na ziwa, wakaruka nazo kwenda kuishambulia Kigoma kwa mabomu. Na walikuwa wakiitafuta nini Kigoma? Meli ya Wajerumani, Graf von Götzen, ambayo nayo ilikuja ndani ya masanduku. Iliundwa Papenburg mwaka 1913, ikafunguliwa, ikafungashwa katika masanduku yapatayo 5,000, ikavushwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye treni, ikaja kuunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Sisi tunaiita Liemba. Babu yangu aliipanda. Mimi mwenyewe, nilipokuwa na umri wa kitindamimba, niliifuata kwa mtumbwi ilipokuwa ikisimama nje ya Ikola usiku, maana gati hatukuwa nalo. Wasafiri wakishuka kwa ngazi kwenye mitumbwi inayopanda na kushuka, mama wenye watoto mgongoni, magunia, kuku, na kila mtu akipiga kelele kuliko mwenzake.

Wakakaa kimya, wakitazama ziwa. Nikatumia nafasi hiyo kuwapa masharti yangu. Kwanza mtumbwi. Mita sita, wa mbao, wa nyumba yetu wenyewe, na wao ndio watakaouunda, mimi nikiwa msimamizi. Ndege itafuata.

Kitindamimba aliukubali mpango, ila kwa sharti lake: ndege ndogo ya kuchezea ije kabla ya mtumbwi. Tukaiunda kwa mabua ya mtama na karatasi ya mfuko wa simenti. Tulipoirusha iliinua pua, ikasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ikaanguka kwa mkia. Tukairusha tena, ikafanya vilevile. Mwanangu wa pili akachukua donge la tope akalibandika puani. Nilidhani anaiharibu kwa hasira. Ikaruka ikapita uani, ikatua kwenye mihogo ya jirani iliyoanikwa juani. Kuanzia siku ile, kila nilipokuwa nikipanga wapi mashine itakaa na wapi mtu atakaa kwenye mtumbwi, aliniuliza, "Tope letu liko wapi?" Nami nilihesabu upya, maana swali lilikuwa la haki: mashine ikikaa tezi pamoja na mwendeshaji na mzigo, omo hupanda juu, na upepo wa kusini wa miezi ile hauna huruma na chombo kilichoinua pua.

Mbao zililetwa kwa lori kutoka upande wa Mpanda. Tulianza na mkuku, kisha mataruma. Wakati shule zimefunguliwa tulifanya kazi jioni na Jumamosi. Likizo ya Juni ilipofika tulifanya kutwa. Mzee mmoja, fundi mwenzangu aliyenizidi miaka ishirini, alipita akamwona binti yangu ameshika tezo. "Fundi," akaniambia, "umekosa vijana mpaka unamwajiri mwanamke?" Binti akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, akaendelea kuchonga. Mzee akasimama, akatazama, akasema marahaba, na kabla hajaondoka akamsahihisha namna ya kuweka mguu ili asijikate. Siku tatu baadaye alirudi na kigoda chake.

Nisijifanye mtakatifu. Mwanangu wa pili alikata taruma moja fupi, upana wa kidole. Nilifoka. Nilifoka mpaka mke wangu akatoka jikoni akasimama mlangoni bila kusema neno, na hiyo kwetu ni hotuba. Taruma lile liko ukutani mpaka leo, tunatundikia nyavu. Na kazi ambayo mimi na kijana wangu wa kibarua tungeimaliza kwa mwezi ilikuwa ikienda mwendo wa kinyonga, kwa sababu kila ubao lazima uulizwe maswali: kwa nini huu uende hapa, kwa nini msumari uingie kwa mshazari, kwa nini kwanza tutoboe kwa keekee. Mengine sikuwa na jibu lake zaidi ya kwamba ndivyo baba yangu alivyofanya.

Mojawapo ya mambo niliyowafundisha lilikuwa kugonga. Mninga mzima ukiugonga kwa mpini wa nyundo hulia kikavu, sauti yake inakwenda mbali. Ubao wenye ufa hulia kama kopo. Wakawa wanagonga kila kitu, kitindamimba hata kichwa chake.

Ubao wenyewe ulikuwa wa tatu kutoka mkuku, upande wa kulia, karibu na tezi. Nilikwisha kuupigilia nilipoona kwamba karibu na fundo ufa mwembamba ulikuwa umefunguka, urefu wa kiganja. Mahali pale ni chini ya maji. Nilijua kinachotakiwa. Nilijua pia bei ya mbao, na kwamba mfukoni sikuwa na kitu, na ziwa limefungwa. Jioni, watoto walipokwenda kuteka maji, nilichanganya unga wa mbao na gundi, nikaujaza ufa, nikaacha ukauke, nikasugua kwa msasa mpaka mimi mwenyewe nikawa sipaoni. Juu yake nilipanga kupigilia ukanda wa bati, kama tufanyavyo kwenye maungio. Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliziba. Methali haisemi uuzibe na nini.

Asubuhi binti yangu alipita na nyundo yake, ubao kwa ubao, ko, ko, ko. Akafika pale. Akagonga. Akagonga tena, polepole. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, nikitafuta patasi iliyokuwa mkononi mwangu.

Hakusema kitu. Mtoto wa kwetu hamwambii baba yake kwamba amedanganya. Alimsubiri mdogo wake apite, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Wewe, tukianza kupanda, upande huu usikae."

Wateja wamewahi kunitukana. Yupo aliyenirudishia mtumbwi mbele ya watu. Hakuna aliyenifikia mfupani kama mtoto yule, ambaye wala hakuwa akizungumza na mimi.

Nilipokuwa na miaka 12 tulikuwa tukienda Karema, mimi na marehemu baba, katika mtumbwi aliouunda kwa mkono wake. Tulipokuwa mbali na pwani nilihisi maji vidoleni. Nikamwuliza, baba, maji haya ya nini? Akasema ya mvua. Nikatazama juu. Ilikuwa Julai, mvua ilikwisha kuondoka katika nchi ile miezi miwili nyuma. Nikachukua kopo la maziwa, nikaanza kuyakumba, nikayakumba mpaka Karema. Ziwa hili sehemu yake yenye kina kirefu zaidi linashuka mita 1,470, na ni Baikal tu, kule Urusi, linalolizidi duniani. Sikujua tarakimu hiyo wakati ule. Nilijua tu kwamba chini hakuonekani. Na baba nilimwamini. Katikati ya maji ungemwamini nani mwingine? Miaka mingi baadaye, tulipouvunja mtumbwi ule kwa kuni, niliona chini ya bati jinsi alivyoziba: unga wa mbao na gundi, umesuguliwa vizuri sana. Sikumwambia mtu. Nilirithi tezo zake, na mkono ule wa kuziba nikaurithi pamoja nazo, nikawa nauita ufundi.

Nikamwita binti yangu, nikachukua patasi, nikaufungua ufa mbele yake na mbele ya wadogo zake. Nikawaambia nilichofanya na saa niliyokifanya. Hakuna aliyecheka. Kitindamimba akauliza kama nitachapwa.

Kung'oa ubao uliokwisha kupigiliwa ni kazi mara mbili ya kuuweka, maana misumari huondoka na nyama ya taruma. Tulipoteza siku nne, na mbuzi wawili wakauzwa kununua ubao mwingine (si yule wa 5H, huyo ni wa jirani). Ndipo tukaweka sheria, na aliyeitamka ni mwanangu wa pili: hakuna kufunika kitu mpaka wote watatu wamekigonga. Hata nilichokiunda mimi. Hasa nilichokiunda mimi. Kabla bati halijalala juu ya ungio, kila mmoja anatia alama yake ya mkaa kwenye ubao: binti msalaba, wa pili duara, wa mwisho mnajua ameandika nini. Kisha pamba iliyoloweshwa mafuta ya mawese, kisha bati, na alama zile hazionwi na mtu tena.

Baadaye nilisoma kwamba wale waunda ndege wa nyumbani nao wana desturi kama hiyo. Bawa halifungwi bati la mwisho mpaka mwenzako mzoefu aje atazame ndani, na chama chao kina watu wanaojitolea kwa kazi hiyo tu. Na kuna sehemu ya hadithi ya Götzen ambayo sikuwa nimewasimulia wanangu, nikawasimulia wiki ile. Wajerumani walipoona Kigoma haishikiki, Julai 1916 waliizamisha meli yao wenyewe ili adui asiipate. Lakini mafundi, kabla ya kuizamisha, walizipaka mashine zake grisi nene. Walikuwa wameshindwa vita, wanakimbia, na walichokuwa wakikipaka kilikuwa kinakwenda kukaa gizani chini ya maji. Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta bado ina uhai, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Sisi wa Ikola tumesafirishwa na grisi ile kwa vizazi vitatu.

Kule Marekani wana sheria nyingine, kwamba ndege ihesabiwe ya kujiundia iwapo mwenyewe amefanya zaidi ya nusu ya kazi. Mwanangu wa pili aliipenda mno. Alikuwa na daftari la kuhesabu misumari ya kila mtu, na mwisho wa Julai akatangaza kwamba mimi niko chini ya nusu, kwa hiyo mtumbwi si wangu. Niliikataa hesabu ile, maana ndani yake kumshikia mwenzako ubao ili apigilie hakukuhesabiwa. Bado tunabishana.

Tarehe 15 Agosti ziwa lilifunguliwa na sisi hatukuwa tayari. Usiku ule Ikola nzima iliingia majini. Taa zikarudi mahali pake, na mafundi wenzangu wakapata oda kwa wiki moja kuliko miezi mitatu yote. Watoto walirudi shuleni zamani. Tulikuwa na Jumamosi tu. Mtumbwi ulishuka Septemba. Omo yake imeandikwa 5H kwa rangi nyeupe, kwa mwandiko unaoteremka. Afisa uvuvi alipokuja kuuona aliuliza hii namba ni ya wapi. Kitindamimba akamweleza, kwa kirefu. Afisa akacheka, akasema ibaki, ila namba halali iandikwe chini yake, na iwe kubwa zaidi.

Mke wangu alikuwa na sheria yake, na hiyo haikujadiliwa: watoto wote watatu wasipande kwa pamoja. Niliwaambia wanangu kwamba wao si wa kwanza. Askofu Milton Wright, baba wa wale ndugu wawili walioruka kwa ndege ya kwanza, aliwakataza Wilbur na Orville wasiruke pamoja, ili mmoja abaki. Mei 1910 aliwaruhusu, mara moja tu. Siku hiyohiyo akapanda yeye mwenyewe kando ya Orville, mzee wa miaka 81, na huko juu akamwomba mwanawe apande juu zaidi. Hadithi ilimpendeza kila mtu isipokuwa mwanangu wa pili, ambaye kura ilimbakiza pwani na mama yake. Alisimama majini mpaka magotini, amekunja mikono, akitukagua kama yeye ndiye askofu.

Tukavaa jaketi okozi. Kitindamimba akachagua pa kukaa: upande wa kulia, karibu na tezi, juu kabisa ya ule ubao wa tatu. Dada yake alimwona, hakumwondoa. Nikawasha mashine, tukatoka taratibu, Ikola ikawa ndogo nyuma yetu.

Hatukufika mbali nilipoona maji sakafuni. Kidogo, ya kulowesha vidole. Binti yangu aliyaona kabla yangu.

"Baba, maji haya ya nini?"

"Ya mbao," nikamwambia. "Ni mpya, bado zinakunywa. Zikishiba zitavimba, yatakoma."

Hakuitikia. Aliinama, akapitisha kidole kwenye ungio la kwanza, la pili, la tatu, akamsogeza mdogo wake, akapitisha na pale. Akakitazama kidole chake. Kisha akasema, "Kweli," akampa mdogo wake kopo, naye akaanza kukumba.